Vibao 22 na Meli Isiyokwisha: Kwa Nini Vibao vya Kujengea Huwatoa Jasho Wasanifu

Mwaka juzi nilimpelekea fundi seremala wa mtaani kwetu kazi niliyoihesabu kuwa ya saa moja. Nilitaka vibao 40 vya kuchezea mpwa wangu, vyote vya kipimo kimoja: unene sentimita 3.5, upana 7, urefu 14. Fundi alikuwa na mbao za paini zilizoshuka kutoka Mafinga siku mbili nyuma. Aligonga moja kwa ukucha, akaisogeza puani. "Kaka, hii bado inapumua. Iache kwanza, wiki tatu nne hivi."

Sikuwa na wiki tatu. Mtoto alikuwa anatimiza miaka minne Jumapili. Nikamhimiza, akapasua, akapiga randa, akapitisha msasa, na Jumapili vibao vilikuwa mezani vinanukia utomvu, vimenyooka utadhani vimetoka kiwandani.

Wiki sita baadaye mpwa wangu aliniita: "Anko, mnara unasinzia."

Ulikuwa unasinzia kweli. Vibao vilivyokuwa ndugu mapacha sasa kila kimoja kilikuwa na ukoo wake. Vingine vilikuwa vimepungua upana kwa milimita 2, vingine 3. Kadhaa vilikuwa vimepoteza pembe mraba kabisa, ukivitazama kichwani unaona umbo la uru ya karata. Ukipanga kumi, kosa la kila kimoja linapanda mgongoni mwa mwenzake, na kufikia cha kumi na moja mnara umeshaamua kulala.

Nilikuwa nimeidharau kazi ambayo wanafunzi wa usanifu wa bidhaa hupewa kama zoezi, na ambayo huwaumbua hata wenye mikono mizuri. Agizo lenyewe ni fupi: buni seti ya vipande vya mbao ambavyo mtoto ataweza kujengea. Linasikika kama likizo. Ugumu wake unaanzia mahali ambapo hukutegemea. Anayesanifu kiti anajua kitaishia wapi, mtu atakikalia. Anayesanifu vibao vya kujengea anatengeneza nusu tu ya kitu, na nusu nyingine iko mikononi mwa mtoto ambaye hajawahi kumwona. Akimaliza kila kitu mwenyewe, mtoto hana la kufanya. Asipoamua chochote, mtoto amepewa masalia ya karakana. Kazi yote ni kujua nini cha kukaza mpaka kwenye nusu ya milimita, na nini cha kuachia.

Mwanafunzi aliyetoroka kitanda cha mfumi

Mfano ninaoupenda ni wa Ujerumani, mjini Weimar, mwaka 1923. Bauhaus, chuo cha sanaa na usanifu, kilikuwa na miaka minne tangu msanifu majengo Walter Gropius akianzishe. Mwanzoni Gropius alitangaza kwamba hakutakuwa na ubaguzi kati ya wanaume na wanawake. Kwa vitendo, wasichana wengi waliomaliza kozi ya awali walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji, wapende wasipende. Mmoja wao alikuwa Alma Buscher, aliyezaliwa mwaka 1899 na kuingia chuoni 1922. Kufuma hakukumwingia. Akaomba kuhamia karakana ya uchongaji wa mbao, akakubaliwa.

Msimamizi wa kazi za mikono katika karakana hiyo alikuwa Josef Hartwig, mtu ambaye wakati huohuo alikuwa akihangaika na sataranji yake maarufu, ambayo kila kete imechongwa kwa umbo linaloonyesha inavyotembea: ile inayokwenda kishazari ni msalaba wa mshazari, farasi anayeruka kwa pembe ana umbo la pembe. Humo ndimo Alma alimotua, miongoni mwa watu walioamini kwamba kipande cha mbao kinaweza kujieleza bila kuchorwa uso.

Mwaka huohuo chuo kiliandaa maonyesho makubwa na kujenga nyumba ya mfano, Haus am Horn, ambayo bado imesimama na leo ni sehemu ya urithi wa dunia wa UNESCO. Alma alipewa chumba cha watoto. Alikijaza fanicha ambazo zingeweza kubadilishwa kazi, masanduku makubwa ambayo mtoto angeyageuza kiti, meza au gari la kusukuma, na kabati ambalo mlango wake ungefaa kuwa jukwaa la vikaragosi. Kwenye mazingira hayo ndipo ilipozaliwa seti yake ya kujengea meli.

Seti ndogo ina vipande 22 vilivyopakwa nyekundu, buluu, njano, kijani na nyeupe. Ukivipanga kwa namna moja unapata meli. Ukivipangua, unapata daraja, lango, mlima, mnyama, au kitu kisicho na jina ambacho mtoto anakijua mwenyewe. Ndani ya hivyo 22 hakuna hata kimoja kilichochorwa dirisha la meli, nanga wala bendera. Hapa ndipo penye akili ya kazi hii. Kibao kilichochorwa dirisha kitakuwa nyumba mpaka kivunjike. Kibao kilichoachwa kimya kinaweza kuwa mlingoti asubuhi, ngazi mchana, na simu jioni.

Wapo wanaodhani kuacha kitu kikiwa kitupu ni uvivu. Jaribu mwenyewe: chukua vipande 22 vya mbao vya ukubwa wowote uviite seti, uone vinavyokataa kuungana. Alma aliweza kuacha picha kwa sababu alikuwa amekaza vipimo. Urefu wa kipande kimoja unajua habari za kingine. Mtoto haoni hesabu hiyo, anaona tu kwamba vitu vinakubali.

Alma aliolewa na mcheza dansi wa jukwaani, Werner Siedhoff, na ndiyo maana leo anaandikwa Alma Siedhoff-Buscher. Aliuawa mwaka 1944 katika shambulio la mabomu karibu na Frankfurt. Seti yake ingali ikitengenezwa na kampuni ya Naef ya Uswisi, na bei yake ni ya kuwafurahisha zaidi watu wazima wenye rafu za kupambia kuliko watoto wenye sakafu. Hilo nalisema kwa kinyongo kidogo.

Moja, mbili, nne

Hesabu ya vipimo ina historia ndefu kuliko Bauhaus. Friedrich Fröbel, Mjerumani mwingine, ndiye aliyeipa dunia jina la bustani ya watoto mwaka 1840, maana ya neno lake la Kijerumani kwa shule ambayo sisi tunaiita chekechea. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi Berlin kwa profesa wa madini, akishinda akipanga fuwele na kuangalia jinsi maumbile yanavyojenga kwa pembe na nyuso. Huwezi kuangalia vifaa vyake vya kufundishia usione fuwele zile. Alianza na tufe, mcheduara na mchemraba. Kisha akachukua mchemraba wa inchi 2 kila upande na kuugawa: kwanza katika michemraba 8 midogo, halafu, katika kisanduku kinachofuata, katika matofali 8, kila moja inchi 2 kwa 1 kwa nusu.

Tazama tofali hilo kwa karibu. Unene nusu, upana moja, urefu mbili, yaani uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4. Ni uwiano uleule niliompa fundi wangu: 3.5, 7, 14. Laza vibao viwili chali, kimoja juu ya kingine, na kando yake simamisha kimoja kwa ubavu. Vimo vinalingana. Simamisha kimoja wima na kando yake panga vinne vilivyolala: vinalingana tena. Popote mtoto anapogeuza kibao, kinakutana na mwenzake kwenye mstari, na juu yake panapatikana sakafu ya kujengea ghorofa nyingine. Mwashi anayefunga kona ya ukuta anaifahamu siri hii kwa mikono, maana tofali ambalo upana wake si nusu ya urefu humlazimisha kukata vipande kila kona.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu wa useremala jijini New York, Caroline Pratt, aliuchukua uwiano huohuo na kuukuza. Vibao vyake vilikuwa vikubwa vya kutosha kwa mtoto kujengea akiwa ameketi sakafuni, na kila kipande kingine katika seti, nguzo, pembetatu, tao, kilikuwa sehemu au mara kadhaa ya kibao kimoja cha msingi. Hakuvikatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasiige, na labda ndiyo sababu ukiingia chekechea zenye uwezo kidogo, iwe Nairobi au Toronto, utakuta vibao vyenye vipimo vinavyofanana na vyake bila jina lake popote.

Wanafunzi wakishaelewa uwiano, hujikwaa kwenye tamaa. Wanaongeza maumbo. Nusu duara, nyota, jani, gurudumu, kitu chenye mkia. Kila umbo jipya linaonekana kama utajiri, na kumbe mara nyingi ni umaskini, kwa sababu umbo lenye tabia kali lina mahali pamoja tu pa kukaa. Mwaka 1987 Mholanzi Tom van der Bruggen alikwenda upande wa pili kabisa. Seti yake ya Kapla ina umbo moja tu, ubao mwembamba wa uwiano wa 1 kwa 3 kwa 15. Watu wamejengea minara mirefu kuliko wao, madaraja na wanyama wa ukubwa wa mtu, bila gundi wala msumari.

Utajiri unatoka wapi basi, kama si kwenye maumbo? Unatoka kwenye idadi ya njia ambazo vipande vinaweza kukutana, na idadi hiyo inapanda kwa kasi ambayo akili inaikataa. Mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alihesabu kwa kompyuta njia za kuunganisha matofali 6 ya Lego ya rangi moja, yale ya vinundu vinane. Jibu ni 915,103,765. Matofali sita tu. Hayo ni ya plastiki na yana vinundu vinavyoyalazimisha kukaa mahali maalumu. Kibao cha mbao kisicho na kinundu kinaweza kusogezwa kwa unywele, kikageuzwa kwa pembe yoyote. Mipaka yake imewekwa na mvutano wa dunia peke yake.

Mipaka hiyo nayo ina vituko. Kama una dhumna nyumbani, panga kete nne ukingoni mwa meza, ya juu kabisa ikitokeza nusu ya urefu wake nje ya iliyo chini yake, ya pili robo, ya tatu sehemu ya sita, ya nne sehemu ya nane nje ya meza. Jumlisha: nusu, robo, moja ya sita, moja ya nane. Inazidi kidogo kete moja nzima. Maana yake kete ya juu iko hewani yote, haina meza chini yake hata kidogo, na bado haianguki. Kwa nne utahitaji mkono wa daktari wa upasuaji. Kwa tano au sita hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Watu wa baraza hawatakuamini mpaka waone.

Mbao haikubali kuambiwa

Sasa turudi kwenye aibu yangu. Fundi alisema mbao inapumua, na hiyo ndiyo fizikia yenyewe. Mti uliokatwa juzi umejaa maji ndani ya kuta za nyuzi zake. Maji yakitoka, nyuzi hunywea. Lakini hazinywei sawasawa pande zote, na hili ndilo linalowashinda wengi. Kwa urefu, kufuata nyuzi, mbao nyingi hupungua sehemu ndogo sana, asilimia 0.1 hadi 0.2 kutoka ubichi hadi ukavu kabisa. Kwa upana, kukata nyuzi, hupungua mara nyingi zaidi ya hapo, na kufuata mzunguko wa pete za mti hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka kiini kwenda ganda.

Ndiyo maana vibao vyangu havikupungua urefu. Vilipungua upana. Na vile ambavyo pete zake zilikuwa zimekaa mshazari kichwani vilivutwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mraba ukageuka uru. Fundi aliyaona yote hayo kwa ukucha.

Mbao kavu nayo haijamaliza kazi. Inaendelea kunyonya na kutoa unyevu kadiri hewa inavyobadilika. Seti iliyokatwa Dodoma wakati wa kiangazi ikapelekwa Tanga kwenye masika itavimba, si sana, lakini vya kutosha. Tuseme kila kibao kimeongezeka unene kwa milimita 0.3, kitu ambacho kidole hakikisikii. Panga 20: tofauti ni milimita 6, na lango lililokuwa likipokea boriti sasa halipokei. Kwa hiyo uchaguzi wa mti ni uamuzi wa usanifu, wala si wa kuangalia rangi tu. Kwetu mninga una sifa nzuri kati ya mafundi kwa sababu ukishakauka hauchezichezi. Mpingo nao ni mgumu na unang'aa, lakini ni mzito kuliko maji. Kibao cha vipimo vyangu kikichongwa kwa mpingo kitakaribia gramu 400, na hicho kikiangukia kidole cha mguu cha mtoto wa miaka minne, mchezo umekwisha.

Halafu kuna msumeno, ambao vitabu vya ualimu huusahau. Fröbel alisema mchemraba umegawanywa. Mwanafunzi anayelichukua neno hilo kama lilivyo anakwenda kwenye mashine na mchemraba wa milimita 51 aukate matofali 8: pasuo moja upande huu, mapasuo matatu upande ule. Meno ya msumeno yanakula milimita 3 kila yanapopita. Pasuo moja linaacha upana wa 24 badala ya 25.5. Mapasuo matatu yanaacha unene wa 10.5 badala ya 12.75. Urefu uko palepale, 51. Uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4 umekufa mezani. Matofali yote manane yanafanana, ni mazuri, na hakuna mawili yaliyolala yanayofikia kimo cha moja lililosimama kwa ubavu.

Kwa hiyo mchemraba "uliogawanywa" haugawanywi. Kila tofali linakatwa peke yake kutoka ubao uliorandwa kwa unene kamili, likigusishwa kwenye kipande cha kuzuilia kilichofungwa mezani ili kila moja litoke sawa na lililotangulia. Yakikutana ndani ya kisanduku ndipo yanadai kwamba yalikuwa mchemraba mmoja. Ni uongo mzuri, na unahitaji ufundi mwingi kuliko ukweli.

Kushikana au kusimama tu

Kuna njia mbili kubwa za kuvifanya vipande vikae pamoja. Ya kwanza ni uzito na msuguano: vibao vya Fröbel, Pratt na Kapla havishikani, vinasimama tu. Mtoto analipa kila kosa papo hapo kwa kishindo. Ya pili ni kiungo: pengo, ulimi, kijiti na tundu.

Viungo vina mvuto kwa mwanafunzi kwa sababu vinaonekana ni uvumbuzi. Mfano wake mzuri una hadithi ya familia. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, mama mmoja Mmarekani aliviona vifaa vya Fröbel, akamnunulia mwanawe. Mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, akawa msanifu majengo mashuhuri kuliko wote nchini mwake, na hata uzeeni alivitaja vibao vile kama kitu kilichobaki vidoleni mwake. Mwanawe John naye akabuni magogo madogo yenye mapengo karibu na ncha, Lincoln Logs, yanayopandana pembeni kama nyumba za magogo za walowezi wa Marekani, akapata hataza mwaka 1920. Pengo lile linashika vizuri. Lakini linashika kwa pembe mraba tu, na kinachotoka ni kibanda, na baada ya kibanda, kibanda kikubwa. Sisemi ni seti mbaya. Imeuzwa miaka zaidi ya 100. Nasema kiungo kinapoamua mengi, mtoto anaamua machache.

Kijiti na tundu vina balaa jingine, unyevu uleule. Kijiti kinachoingia kwa shida wakati wa masika kitalegea kiangazi, na mtoto anaonewa na hali ya hewa. Watengenezaji wa Tinkertoy, seti ya Marekani ya mwaka 1914, walipasua mstari kwenye ncha za vijiti vyao ili vibonyee kidogo vikiingia. Ni dawa ya akili, ingawa na yenyewe huchoka.

Pengine hapa pia ndipo panapoeleweka safari ya Lego. Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala wa Billund, Denmark, na tangu 1932 karakana yake ilitengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Tofali la vinundu linalokwama kwa kubonyeza tu, lililokatiwa hataza mwaka 1958, linadai usahihi ambao mbao, kwa kupumua kwake, haiwezi kuuahidi. Mwaka 1960 moto uliteketeza ghala la bidhaa za mbao za kampuni hiyo, na mbao haikurudi.

Halafu yapo mambo ambayo hayana mjadala. Vitu vya watoto chini ya miaka mitatu hupimwa kwa kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7, kinachoiga koo la mtoto. Kipande kinachotumbukia humo chote, hata bila kusukumwa, hakifai kwa umri huo. Wanafunzi wengi hulikuta sharti hili wakiwa wameshapenda kipande chao kidogo kuliko vyote. Pembe zinapigwa msasa, lakini zikizidi kuviringwa kibao kinapoteza uso wa kukalia. Rangi iwe isiyo na madini ya sumu, kwa kuwa mtoto atailamba, hilo halina shaka.

Kosa lililogeuka mchezo

Baada ya kusema yote hayo kuhusu usahihi, lazima nikiri kwamba mchezo wa vibao vya mbao unaojulikana zaidi duniani unategemea kukosea. Na jina lake ni la kwetu.

Leslie Scott, Mwingereza, alizaliwa Dar es Salaam na kukulia Afrika Mashariki kabla familia yao haijahamia Ghana. Huko, miaka ya 1970, walikuwa wakicheza nyumbani kwa vibao vilivyotoka kiwanda cha mbao cha Takoradi, wakipanga mnara na kuchomoa kimoja kimoja. Mwaka 1983 aliupeleka mchezo huo kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London, na akaupa jina Jenga, kutoka kitenzi alichokua nacho. Wauzaji walimshauri atafute jina linaloeleweka. Aling'ang'ana nalo. Leo watu ambao hawajui hata salamu ya Kiswahili wanatamka amri yake kila Jumamosi jioni, ingawa wakati wenyewe wanabomoa.

Seti ina vibao 54, ghorofa 18 za vibao vitatu vitatu. Kila kimoja ni sentimita 1.5 kwa 2.5 kwa 7.5. Upana wa vitatu ni sawa na urefu wa kimoja, ndiyo maana ghorofa inakuwa mraba na inayofuata inaweza kulala kinyume. Mpaka hapo ni hesabu ileile ya Fröbel. Lakini vibao vya Jenga havilingani kabisa. Vinatofautiana kwa kiasi kidogo, na kwa makusudi. Vingekuwa sawasawa, kila kimoja kingebeba mzigo sawa na mwenzake na kuchomoa kungekuwa bahati nasibu. Kwa sababu kimoja ni kinene kidogo, jirani yake amepumzika, hana mzigo, na kidole kinachogusagusa mnara kinamtafuta huyo aliyelegea. Kosa ambalo Fröbel angelitupa nje ya karakana ndilo mchezo wenyewe.

Nilipolisoma hili nilikwenda kuvitoa vile vibao 40 chini ya kitanda. Tulipanga mnara mimi na mpwa wangu, vitatu vitatu haikuwezekana kwa sababu ya uwiano, tukaweka viwili viwili. Ulisimama kwa kujikunja, na kwa sababu ya vile vyenye umbo la uru ulikuwa na vilegevu vingi ajabu. Akanishinda mara nne.

Seti ya pili niliagiza kwa fundi yuleyule mwezi uliopita, vibao 24 vya masalia ya mninga uliokaa karakanani kwake tangu mwaka jana. Safari hii sikumhimiza. Alivikata kwa kipande cha kuzuilia, akavipima vyote kwa kalipa moja ya zamani, na akaamua mwenyewe kunitengenezea sanduku, la kipimo kamili, vibao vinne kwenda mbele, viwili kwenda pembeni, matabaka matatu. Vikaingia kama maji kwenye mtungi. Tulipotaka kuvitoa hatukuweza. Hapakuwa na nafasi ya ncha ya kidole popote. Akalipindua sanduku, akalipiga makofi matakoni, vibao vikamwagika sakafuni, akatikisa kichwa.

"Nimesahau mkono, kaka," alisema, akachukua randa.